Kiubo na Bunkeya, Lofoi, au ufuko wa Mweru: jinsi ya kuchagua ukitoka Lubumbashi

Mtu wa Lubumbashi anayetaka mchanga, maji yanayoanguka na habari za wafalme wa zamani, swali lake la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Kilomita hazisaidii sana. Barabara ileile inayopitika kwa saa tano mwezi wa Juni inaweza kukulaza porini mwezi wa Januari. Na maporomoko yanayotoa ngurumo mwezi wa Mei yanaweza kuwa uzi mwembamba ukifika mwezi wa Oktoba. Chagua mwezi kwanza, kisha angalia gari ulilo nalo, ndipo uchague mahali.

Jambo jingine liwekwe wazi mapema: upande huu wa Katanga, vitu hivyo vitatu haviko mahali pamoja. Kila njia itakupa viwili vizuri na cha tatu kwa shida.

| | Kiubo na Bunkeya | Lofoi (Kundelungu) | Kilwa na Pweto (ziwa Mweru) |
|---|---|---|---|
| Maporomoko | Mapana, yanaanguka karibu mita 60, yana maji mwaka mzima | Zaidi ya mita 340, hupungua sana kiangazi | Usiende kwa ajili hiyo |
| Mchanga | Vipande vya kingo, mto Lufira ukishuka | Hakuna | Ufuko halisi wa ziwa |
| Wafalme | Makao ya Msiri, upande huohuo | Kituo cha wakoloni cha 1891 | Mwata Kazembe, ng'ambo ya Zambia |
| Miezi mizuri | Mei hadi Agosti | Mei na Juni | Mei hadi Septemba |
| Siku za kutosha | 3 au 4 | 3 au 4 | 5 au zaidi |

Kiubo: maji yasiyokauka

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, au anayesafiri na watoto na wazee, Kiubo ndiyo chaguo letu, na sababu kubwa ni mto wenyewe. Lufira inatoka kusini, karibu na mpaka wa Zambia. Kabla ya kufika Kiubo inapita kwenye mabwawa mawili ya umeme, Mwadingusha la mwaka 1930 na Koni la 1950. Bwawa la Mwadingusha ndilo lililozaa ziwa Tshangalele. Ziwa hilo linashika maji ya mvua na kuyaachia polepole, kwa hiyo hata mwezi wa Septemba, vijito vingine vikiwa mawe matupu, Kiubo bado inanguruma. Maji hayaangukii mahali pamoja: yanajigawa kwenye mapazia mengi yaliyosambaa juu ya mwamba mpana, na kadiri kiangazi kinavyosonga ndivyo mapazia yanavyotengana na mwamba wa katikati kuonekana.

Kutoka Lubumbashi ni kati ya kilomita 250 na 300. Kilomita 120 za kwanza, hadi Likasi, ni lami, na hesabu yake ni saa mbili, ukiongeza foleni ya malori ya madini na peaje. Toka saa kumi na moja asubuhi. Ukichelewa hadi saa moja utakula vumbi la malori njia nzima. Baada ya Likasi unaelekea kaskazini kwa udongo, na hapo weka saa nne hadi sita wakati wa kiangazi. Gari dogo lililoinuliwa linaweza kufika mwezi wa Julai likiwa na dereva mvumilivu. Kuanzia Novemba hadi Aprili usilijaribu: chukua jipu yenye kuvuta magurudumu yote manne, na afadhali muwe magari mawili.

Mafuta ndiyo yanayowaangusha wengi. Jaza tangi Likasi, kwa sababu mbele yake utategemea bidoni za kando ya barabara, na mafuta ya bidoni mara nyingi yana maji au mchanga. Hesabu ya kwenda na kurudi, pamoja na kuchepuka kwenda Bunkeya, iweke kwenye kilomita 700. Jipu ya dizeli itakula kama lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami, na 18 kwenye udongo wenye mashimo. Kilomita 240 za lami ni lita 29, na 460 za udongo ni lita 83. Jumla ni 112. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya kupotea njia na kutumia gia ndogo, unafika 135. Tangi la lita 90 na bidoni tatu za lita 20 zinatosha na kubakiza. Ukilazimika kununua njiani, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kisha acha mafuta yatulie dakika kumi kwenye chupa inayopitisha mwanga. Maji hukaa chini na utayaona.

Kiubo iko katika teritware ya Mitwaba, mkoa wa Haut-Katanga, kwenye eneo lililo katikati ya hifadhi ya Upemba na ile ya Kundelungu. Bunkeya, tangu mikoa ilipogawanywa mwaka 2015, iko mkoa wa Lualaba. Maana yake ni kwamba safari moja inavuka mpaka wa mikoa miwili, na kwenye barieri utaulizwa. Tembea na kadi ya mpiga kura au pasi, nakala zake tatu au nne, na karatasi ya safari inayotaja mahali pote pawili. Karatasi inayosema "Kiubo" peke yake itakupa maelezo marefu pale Bunkeya. Habari za usalama za upande wa Mitwaba ziulize Likasi kwa madereva walioshuka jana yake. Maelezo ya mwezi uliopita hayana kazi.

Kulala: kando ya maporomoko kuna nyumba za kulala wageni, na mahali pa kupiga hema. Wikiendi za kiangazi na sikukuu za shule hujaa, kwa hiyo piga simu mapema, tena simu iwe kabla ya kuondoka Likasi, kwa kuwa rezo mbele ni ya kubahatisha.

Kuoga au kutooga

Tukae kidogo hapa, kwa kuwa ajali nyingi za mitoni huanza kwenye maji yanayoonekana mapole.

Juu ya maporomoko usiingie kabisa, hata mpaka magotini. Lufira hapo juu ni pana na uso wake ni laini, na huo ulaini unadanganya: maji yanaharakisha karibu na ukingo, na mwamba wa chini umefunikwa na ute wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Mtu akianguka hana pa kushika. Viboko na mamba nao wako kwenye sehemu za maji tulivu, juu na chini. Usisimame ukingoni jioni, wala usichote maji kwa kuinama mahali penye matete. Funga ndoo kwenye kamba, uitupe, uivute.

Chini ya maporomoko, mchanga hujitokeza kwenye kingo kuanzia Juni, maji yakishuka. Hapo ndipo watu hutandika mikeka na kuwasha makala. Ukitaka kujimwagia, kaa kwenye maji yanayokimbia juu ya mawe, ya kina cha kifundo cha mguu, huku mtu mmoja akibaki nchi kavu akitazama. Vidimbwi vya pembeni vyenye majani, vile ambavyo watoto huvipenda kwa sababu maji yake ni ya vuguvugu, ndivyo vyenye konokono wa kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono hao kwa wingi jua likiwa kali, karibu saa nne hadi saa nane mchana. Asubuhi hatari inapungua lakini haiishi, na kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Aliyeingia apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Kipimo cha siku ya tatu hakitaonyesha kitu, na dawa ya prazikwanteli ikimezwa mapema mno haiui minyoo ambayo bado ni michanga.

Bunkeya: fika kwa adabu, si kwa kamera

Kinachoifanya njia hii ishinde nyingine ni kwamba makao ya Mwami Msiri yako upande huohuo wa kaskazini ya Likasi, kabla ya kufika Kiubo. Msiri, jina lake Ngelengwa, alitoka upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo, akiwa katika misafara ya shaba. Kuanzia miaka ya 1850 alijijengea ufalme wa Bayeke, uitwao pia Garanganze. Nguvu yake ilikuwa njia: shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilipita mikononi mwake, vikienda Bahari ya Hindi upande mmoja na Angola upande wa pili. Mke wake mmoja mashuhuri, Maria de Fonseca, alitoka huko Angola. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886, na miaka michache baadaye wakafuata wenye bendera. Alfred Sharpe, aliyekuja kwa ajili ya kampuni ya Cecil Rhodes, aliondoka mikono mitupu mwaka 1890. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa William Stairs uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson wa msafara huo alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akauawa palepale. Mukanda-Bantu, mtoto wa Msiri, ndiye aliyewekwa nafasi yake. Ukoo huo haukuzimika: Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga ya Moïse Tshombe, alikuja kukalia kiti hicho kuanzia 1976 hadi alipofariki 1992.

Bunkeya si nyumba ya makumbusho yenye tiketi mlangoni. Ni makao ya Mwami, na watu wanaishi hapo. Utaratibu ni huu: ukifika, nenda kwanza kujitambulisha kwa wakubwa wa ikulu, kofia mkononi, miwani ya jua mfukoni. Sema unatoka wapi, mko wangapi, mnataka kuona nini. Zawadi ya heshima huenda na salamu, nayo hutolewa kwa mikono miwili, haitupwi mezani kama malipo. Subiri upewe mtu wa kuwatembeza. Makaburi ya wafalme hayapigwi picha bila ruhusa, na ruhusa ya kaburi moja si ruhusa ya yote. Wanawake wavae kitenge. Droni ibaki nyumbani. Bila kibali cha serikali itakunyang'anywa, na hutaiona tena upesi. Ukifuata haya, saa tatu hazitatosha kwa yale utakayosimuliwa. Ukiruka hatua ya kwanza, mlango utafungwa kwa upole na hutajua kwa nini.

Hapa kuna mtego wa kalenda. Bayeke hukumbuka kifo cha Msiri kila tarehe 20 Desemba, na hiyo ndiyo siku ya kuiona Bunkeya ikiwa imejaa watu, ngoma na mavazi. Lakini Desemba ni mvua tupu. Barabara ya udongo inakuwa utelezi mwekundu, na kwenye dembo, yale mabonde ya majani yanayojaa maji, udongo mweusi unashika magurudumu hadi kwenye ekseli. Anayetaka siku hiyo aende Bunkeya peke yake, aongeze siku moja ya akiba kwenda na moja kurudi, na Kiubo aiache hadi Mei. Kulazimisha vyote viwili mwezi wa Desemba ndiyo njia ya kukosa vyote viwili.

Lofoi: urefu una bei yake

Maporomoko ya Lofoi yamo katika hifadhi ya taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970 na inayosimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo ya kulinda hifadhi. Maji yanaruka kutoka kwenye uwanda wa juu kwa mita zaidi ya 340 kwa mpigo mmoja, na ni miongoni mwa maporomoko marefu kabisa ya Afrika ya kati. Kwa picha na kwa mshangao, Kiubo haiwezi kushindana nayo.

Tatizo ni kwamba Lofoi ni mto mdogo, unaokusanya mvua ya sehemu tu ya uwanda, wala hakuna ziwa la kuihifadhia. Mvua ikikatika mwezi wa Aprili, maji hupungua wiki hadi wiki. Mwishoni mwa kiangazi hubaki kidogo sana, na upepo huyageuza ukungu kabla hayajagusa chini. Watu huenda Septemba kwa sababu barabara ni kavu, wanakuta ukuta wa mwamba na moshi wa majani yanayoungua bondeni, wanarudi wakisema wamedanganywa. Hawakudanganywa, walichelewa. Dirisha zuri ni Mei na Juni: maji bado yapo, njia imeanza kukauka, hewa bado safi. Kasoro ya Mei ni nyasi ndefu kuliko mtu, kwa hiyo panga ni lazima, na anayetangulia atembee akipiga chini kwa fimbo kwa ajili ya nyoka.

Amua mapema unataka kuyaona kutoka juu au kutoka chini, kwa maana ni safari mbili tofauti. Ya juu inapanda uwanda kwa jipu, unapiga kambi, kisha unatembea hadi ukingoni. Ukisimama palepale maji yanapoanzia kuruka hutaona kitu zaidi ya pengo. Inabidi uzunguke hadi ukingo unaotazamana nayo. Ukingo huo hauna uzio, na udongo wake umelikwa chini: lala kifudifudi ukitaka kuchungulia, usisimame. Ya chini inaanzia upande wa Katwe, kwenye bonde la Lufira, na inafuata mto kuingia korongoni kwa miguu, juu ya mawe yenye unyevu. Hiyo ni ya wenye magoti mazima na viatu vinavyoshika. Bonde linafunguka kuelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi ukuta huwa kivulini. Kwa picha, fika baada ya saa saba mchana, lakini panga kuwa umetoka korongoni kabla ya saa kumi na moja.

Kibali kitafute katika ofisi ya ICCN Lubumbashi kabla ya kuondoka, na udai risiti kwa kila malipo. Mlinzi wa hifadhi wa kuandamana nanyi si anasa. Anajua kijia kipi kimezibwa na mvua ya mwaka huu. Chakula chake na mahali pake garini vihesabiwe tangu mwanzo. Msiwe watu watano kwenye gari la watano.

Uwanda uko kwenye mita 1,600 hivi, hauna miti ya kukinga upepo. Usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya digrii 5, na hapo ndipo wengi wanakosea: wanabeba shuka la Lubumbashi. Chukua mfuko wa kulalia wa kweli, godoro la kukinga ubaridi wa ardhi, kofia ya sufu. Maji ya kunywa weka lita 5 kwa mtu kwa siku, na makala yako mwenyewe, maana kukata kuni ndani ya hifadhi ni kosa.

Historia? Ipo, ila haina mengi ya kuonyesha. Paul Le Marinel, aliyefika kwa Msiri mwaka 1891, aliacha kituo cha dola ya Leopold upande huu wa mto Lofoi, na baada ya kifo cha Msiri hapo ndipo mamlaka mapya yalipokuwa. Mtu anayefuatilia habari za Bayeke ataunganisha Lofoi na Bunkeya kichwani mwake. Mtalii wa kawaida ataona majani tu.

Mweru: mchanga kwanza

Kama neno linalokuvuta ni ufuko, acha mito. Ziwa Mweru, kwenye mita 917 hivi juu ya bahari, lina mchanga wa kulala, maji yanayofika upeo wa macho, na samaki wa kuchoma na bukari jioni. Kilwa ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Lubumbashi, Pweto zaidi ya 450, kwa hiyo usijidanganye na wikiendi. Siku mbili za njia, mbili au tatu za ziwa.

Upepo wa kusini-mashariki huvuma kiangazi na hupiga moja kwa moja upande wetu wa ziwa. Asubuhi maji ni kioo, alasiri mawimbi yanaweza kupindua mtumbwi. Safari zote za mtumbwi ziishe kabla ya saa tano, na kila mtu avae boya, hata kama mwenye mtumbwi anacheka. Kuhusu mamba na kichocho, sheria za Lufira ni zilezile: mchanga ulio wazi bila matete, na waulize wavuvi wanaogea wapi wao wenyewe.

Ufalme wa huko ni wa Mwata Kazembe, Walunda waliotoka kwa Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda, na kukaa kwenye bonde la Luapula. Mreno Francisco de Lacerda alifika kwao mwaka 1798 akafia huko, na Livingstone alipita 1867. Ni Msiri aliyemnyang'anya Kazembe ardhi za magharibi ya Luapula. Lakini makao yako Mwansabombwe, Zambia, na sikukuu yao ya Mutomboko ni mwishoni mwa Julai. Hiyo ni safari ya pasi na mihuri, ipangwe peke yake. Usidhani utavuka mchana na kurudi jioni.

Vitu vinavyotofautiana garini

Kwa Kiubo: kamba ya kuvutia yenye urefu wa mita 10, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, magurudumu mawili ya akiba. Kwa Mweru ongeza pampu ya upepo, kwa sababu kwenye mchanga unashusha tairi hadi baa 1.5 na lazima uzijaze tena kabla ya kukimbia kwenye barabara ngumu. Tairi lenye upepo mdogo linapata moto na kupasuka ubavuni. Kwa Lofoi uzito wote uwe kwenye nguo za baridi na viatu. Chandarua na dawa za malaria ni kwa njia zote tatu, hata kwa anayesema malaria ameizoea.

Mwenye siku moja tu, bila jipu, asijilazimishe kwenda popote kati ya hapa. Aende Kapolowe, njia ya Likasi, akaone ziwa Tshangalele na ndege wake. Kuondoka asubuhi na kurudi jioni inawezekana kabisa. Apande mtumbwi, apige picha, ila asiogelee na watoto wasichezee tope: sehemu ya maji yanayoingia ziwani yanatoka upande wa viwanda vya shaba vya Likasi, na madini hayo hukaa kwenye tope la chini.